Ustadi wa Kukaa Nyuma ya Mtoto

Miongoni mwa kazi ambazo wanadamu wamezikabidhi kwa mashine na kisha wakazisahau, iko moja ambayo haikuacha nyuma yake jengo wala kumbukumbu ya fahari, nayo ni kazi ya kuupima usikivu wa mtoto kwa sauti ndogo inayotolewa nyuma ya mgongo wake. Zana zake zilikuwa kikombe na kijiko, karatasi laini ya kufinyangwa vidoleni, kayamba dogo, na kinywa cha mpimaji mwenyewe. Wengi waliozaliwa Uingereza katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia walipita mikononi mwa watu wa kazi hiyo kabla hawajatimiza mwaka, wakarudishwa nyumbani, wala hawana habari kwamba walipata kusikilizwa kwa uangalifu mkubwa namna ile.

Nilipokuwa nikisoma elimu ya usikivu katika nchi hiyo, nilijaliwa kumtazama bibi mmoja mtu mzima aliyeifanya kazi hii kwa taadhima, katika zahanati ndogo ya mji wa kaskazini. Mtoto, mwenye umri wa miezi saba au minane, hupakatwa na mama yake akielekezwa mbele. Msaidizi huketi mkabala naye akimchezea kitu cha kumvutia macho, kisha hukifunika taratibu kwa kiganja. Na katika kituo kile kifupi, ambapo nia ya mtoto imeachwa huru bila ya kupewa jambo jingine, bibi aliye nyuma na kando, umbali wa mita moja hivi na usawa wa sikio, hutoa sauti yake. Hutangulia mvumo wa chini wa kinywa, ikafuata "s" nyembamba isiyo na nguvu, kisha kayamba lililotengenezwa makusudi litoe sauti za juu peke yake. Na zote hizo hazizidi desibeli 35 au karibu yake, kadiri ya mnong'ono. Mtoto akigeuka, hudhaniwa amesikia. Asipogeuka, hapo ndipo kazi huanza.

Na hata akigeuka kazi haijaisha, maana kugeuka kwa mtoto kuna sababu nyingi, na sauti ni moja tu katika hizo. Kwa hivyo bibi yule hakujipaka marashi siku za kazi, wala hakuvaa bangili. Viatu vyake vilikuwa vya nyayo laini. Aliujua ubao wa sakafu unaolia akaukwepa. Na kabla ya kumruhusu mama aingie, alitazama jua liko dirisha gani, asije akatanguliwa na kivuli chake. Mama naye aliombwa kwa upole atulie tuli, kwani magoti ya mzazi anayetamani mwanawe asikie hukaza bila ya yeye kujua, na mtoto huusoma mwili wa mama yake mapema kuliko anavyoisikia dunia.

Yuko mtoto mmoja ambaye sijapata kumsahau. Alikuwa mchangamfu, mwenye macho yasiyotua, na kila bibi alipotoa sauti, aligeuka kwa haraka hata sisi wanafunzi tukaandika katika karatasi zetu kwamba hana dosari. Bibi hakuandika kitu. Alirudi mahali pake, akaliinua kayamba kama alivyoliinua mara zote, lakini asilitikise. Mtoto akageuka vilevile, akatabasamu. Bibi akahamia upande wa pili, akanyamaza tena, na mtoto akamgeukia tena. Kisha akasogea nyuma zaidi, akachutama pasipo na mwanga wa kumtangaza, akalitikisa kayamba kwa nguvu ipitayo desturi. Na mtoto, kwa mara ya kwanza, aliendelea kukitazama kiganja cha msaidizi, ametulia, hana habari. Kumbe alikuwa akigeuka kwa yale aliyoyaona pembeni mwa macho yake, wala si kwa alichosikia. Na uhodari wa macho yale, uliotufurahisha sote, ndio uliokuwa ukiuficha uziwi wake. Bibi aliketi karibu na mama, akangoja mpaka mama mwenyewe akamwangalia, ndipo akamweleza kwa maneno machache kwamba mtoto apelekwe hospitali akachunguzwe zaidi, na kwamba akili yake ni nzuri kabisa.

Ustadi huu una nasaba yake. Katika Chuo Kikuu cha Manchester ilianzishwa mwaka 1919 idara ya elimu ya viziwi, na mwalimu wake wa kwanza akawa Irene Goldsack, ambaye baadaye aliolewa na Alexander Ewing. Na hao wawili, baada ya miaka ya kuwatazama watoto kwa subira, waliitangaza njia hii kwa waganga mwaka 1944. Kutoka hapo ilienea kwa wauguzi waliozunguka mitaani, hata ikawa haki ya kila mtoto wa nchi ile.

Kisha zamani zikageuka. Mwaka 1978 David Kemp, akiwa London, alithibitisha jambo la ajabu ambalo Thomas Gold alikuwa amelibashiri tangu mwaka 1948, kwamba sikio lililo hai halipokei sauti tu, bali nalo hutoa sauti yake ndogo, ambayo kinasa sauti kikiwekwa tunduni huweza kuinasa. Kutokana na ugunduzi huo kilipatikana kipimo cha kumpima mtoto akiwa usingizini, siku chache baada ya kuzaliwa. Uingereza ilianza kukisambaza mwaka 2001, na kufikia 2006 kilikuwa kimeenea nchi nzima, na kazi ya kayamba na kikombe ikafungiwa kabatini. Insafu yataka tukiri kwamba mashine imeleta kheri kubwa. Njia ya kale ilitegemea mikono, na si mikono yote iliyokuwa kama ya bibi yule. Watoto wengi waliwaponyoka wapimaji, wakagunduliwa wamekwisha kupoteza miezi ambayo lugha hujenga msingi wake moyoni.

Walakini kheri hiyo tumeilipia, na bei yake hatujaihesabu. Sauti ile ndogo ya sikio, iitwayo mwangwi, hutoka katika koklea iliyo ndani ya sikio, nayo haitujulishi kama sauti imefika kwenye ubongo. Wako watoto ambao sikio lao hujibu vizuri ilhali mshipa wa fahamu hauchukui ujumbe sawasawa, na mashine ya mwangwi peke yake huwapitisha kwa amani. Leo mwanafunzi huhitimu akiwa mahiri wa kuchambua mawimbi ya sauti kwa kompyuta, elimu ambayo naiheshimu na kuipenda, lakini aghalabu hajapata kuketi kimya katika chumba kimoja na mtoto na kujiuliza ni kwa nini amegeuka. Huitazama taa ya kijani, akaaga. Amefundishwa kulipima sikio. Mwenye sikio hakufundishwa kumtazama. Na vijana hawa hawana lawama, maana sisi tuliokuwa na walimu kama bibi yule ndio tulioipokea amana, tukaiweka chini bila hata kuandika wasia.

Kwa hiyo nawaomba wale wanaofundisha elimu hii, popote walipo, wala haiwagharimu fedha: mwanafunzi asipewe shahada yake mpaka aketi nyuma ya mtoto, bila marashi wala bangili, aliinue kayamba asilitikise, na ajifunze kungoja. Mashine iendelee kuwatafuta watoto wetu mapema, nasi tuishukuru. Lakini mtoto akisha kupatikana, anayemhitaji ni mtu anayejua kumtazama, na mtu huyo hapatikani ila kwa kufundishwa na mwingine aliyemtangulia. Waliomfundisha bibi yule wamekwisha kuzikwa, na waliofundishwa naye tunazeeka.