Diodi Iliyo Baridi

Chaja yenyewe ni ya aina ya zamani: sanduku la bati, transfoma nzito ndani yake, diodi mbili, amita yenye mshale, na swichi ya ngazi mbili, chini na juu. Huchukua umeme wa volti 230 kutoka ukutani, huushusha, huugeuza uende upande mmoja tu, kisha huusukuma kwenye betri ya volti 12. Mwenye nayo, kijana anayechaji betri za bajaji na daladala, ameileta kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Inachemka mpaka inajizima, ikipoa inawaka tena.

"Transfoma imekufa, fundi."

"Tutaona, mdogo wangu. Betri uliyokuwa unaichaji iko wapi?"

Hatua hii wengi huiruka, na kwangu hapa ndipo ufundi wake ulipoanza kuonekana. Betri ya volti 12 ina seli sita. Ikijaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, seli moja ikifa, hubaki karibu na 10.5, na chaja huisukumia umeme mwingi saa baada ya saa, ikijaza kitu kisichojaa. Chaja nzima huweza kuungua kwa kosa la betri. Fundi anapima: 12.3. Haridhiki na namba hiyo peke yake. Anafungua vifuniko sita, anafyonza maji ya kila seli kwa haidromita, anasubiri boya litulie, anasoma, anarudisha maji mlemle alimoyatoa. Seli zote zinakaribiana. Betri inawekwa kando.

Sasa anafungua sanduku. Skurubu zote zinaingia kwenye kifuniko cha kopo. Vumbi analitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, asije akavuta waya. Feni anaizungusha kwa kidole. Inazunguka bila kukwaruza. Swichi ndogo ya joto iliyofungwa ubavuni mwa transfoma bado ipo, na hilo linamfurahisha. Chaja nyingi huletwa swichi hiyo ikiwa imeunganishwa moja kwa moja kwa waya ili isikate tena. Anayefanya hivyo anaondoa kinga ya mwisho iliyokuwa inazuia moto, na haifai kabisa kumwita fundi.

Transfoma anaipima kwa taa. Balbu ya wati 100, ya zile zenye waya ndani, inaungwa kwenye njia ya umeme kabla ya transfoma, na klipu za chaja zinaachwa wazi bila betri. Koili ikiwa imeungana ndani kwa ndani, balbu ingewaka kwa nguvu. Waya wa balbu unakuwa mwekundu hafifu tu. Anaiacha hivyo kwa muda mrefu, kisha anachomoa plagi na kuweka kiganja juu ya chuma: vuguvugu. Transfoma ni nzima.

Zinafuata diodi. Kila moja imekaa kwenye bati lake la kupozea. Analegeza nati zinazozikutanisha ili kila diodi isimame peke yake, anaweka ncha za mita. Upande mmoja inasoma nusu volti, upande wa pili haipitishi. Ya pili vilevile. Kwa hiyo kila kitu ni kizima, na chaja bado ni mbovu. Fundi mwenye haraka angebadilisha diodi zote mbili hapa na kumwombea mteja heri. Huyu anakaza nati, anaunga betri, anachomeka plagi na kuvuta kigoda.

Anasubiri kosa lije lenyewe. Macho yako kwenye mshale, masikio kwenye mngurumo. Mshale unakaa kwenye ampea nane muda mrefu, halafu unaanguka ghafla hadi karibu nusu. Betri inapojaa mshale hushuka polepole mno; haudondoki hivi. Wakati huohuo mngurumo wa transfoma unakuwa mzito.

"Ukishuka hivi, huwa unafanyaje?"

"Naweka swichi juu, fundi."

Anaitikia kwa kichwa. Anachomoa plagi ukutani kwanza, ndipo anatoa klipu, maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni na cheche moja juu yake yatosha kuilipua. Kisha anasogeza mgongo wa kidole kwenye mabati mawili. La kulia linaunguza. La kushoto lina uvuguvugu tu.

Kijana ananyoosha kidole kwenye la kulia. Fundi anasogeza miwani na kuinamia la kushoto.

"Hawa ni wapagazi wawili wa mzigo mmoja," anasema. "Anayetoka jasho ndiye anayefanya kazi."

Diodi hizi hupokezana, kila moja mara 50 kwa sekunde. Moja ikikatika, nyingine hubeba peke yake, na transfoma huvutwa upande mmoja tu, chuma chake kikaelemewa na kuchemka ingawa koili haina kasoro. Kuweka swichi juu kulizidisha mateso. Chini ya kioo cha kukuzia, pale waya wa koili unaposhikana na diodi baridi, kuna ufa mwembamba wa mviringo kwenye lehemu. Ikiwa baridi, waya unagusa. Ikipata moto, unaachia. Ndiyo maana mita haikuona kitu.

Anayeyusha lehemu ya zamani na kuifuta yote. Anakwangua shaba kwa kisu mpaka ing'ae, anaivika lehemu mpya nyembamba, anaivika na diodi, ndipo anaviunganisha kwa chuma kinene chenye joto la kutosha. Akiondoa chuma, mkono ulioshika waya hautikisiki hata kidogo mpaka lehemu igande. Kiungo kikitikiswa kabla ya kuganda, ufa huanza siku hiyohiyo.

Jaribio jipya linaonyesha mabati mawili yenye joto sawa, na mshale unaoshuka pole kwa pole. Kijana anatoa pesa mfukoni.

"Iache mpaka alasiri," fundi anamwambia. Anaburuta betri ya lori iliyoishiwa, inayovuta ampea nyingi kuliko ile ya bajaji, anabana klipu, na kuangalia saa.