Juu ya Majina ya Kazi na Upatanisho Wake

Mtu akisimama asubuhi kando ya njia itokayo Tukuyu kwenda mashamba ya chai, hatakosa kusikia maneno haya: "Vibarua vimefika." Akiingia shuleni na kufunua madaftari, ataona "kinyozi kizuri," "dereva nzuri," "madaktari mazuri." Walimu wengi huyapitisha maneno haya bila kuyasahihisha, nao husema kwamba maana imefahamika, basi yatosha. Sisi hatukubaliani nao. Twaona kwamba katika majina ya kazi upatanisho si pambo la sentensi. Ndio unaoonyesha kama twanena juu ya mtu au juu ya kitu.

Kwanza tutazame chanzo cha kosa. Kwa wengi wetu wa Rungwe, Kiswahili si lugha tuliyozaliwa nayo. Wamisheni wa Kimoravian walipofika mwaka 1891 walihubiri na kuandika kwa lugha ya wenyeji, na hata leo watoto wengi husema Kinyakyusa nyumbani kabla ya lugha nyingine. Kwa hiyo Kiswahili tulikipata kwa kanuni, na kanuni ya kwanza apewayo mwanafunzi ni kutazama mwanzo wa neno: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Mtoto mtiifu akikuta kibarua na vibarua hufuata njia ile ile. Kamusi nazo hazikumsaidia kwa kadiri moja. Ile ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotengenezwa chini ya usimamizi wa Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, huandika kando ya jina kiambishi cha wingi, ikamwachia msomaji kukumbuka mengine kwa sarufi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huongeza alama ya upatanisho wenyewe. Katika jambo hili kamusi ya pili imeipita ya kwanza, nasi twawasihi walimu waitazame alama hiyo kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Jina la mtu, liwe na umbo lo lote, hufuata njia ya mtu na watu. Daktari amekuja, madaktari wamekuja, madaktari wazuri. Kinyozi huyu ni hodari. Vinyozi hawa ni hodari. Dereva mzuri, madereva wazuri. Lakini ile kazi yenyewe hufuata umbo lake: ualimu, udaktari, ukarani, ufundi. Twasema: "Ukarani wake ulikwisha mwaka jana," naye karani mwenyewe yuko nyumbani kwake, mzima.

Basi tulitazame neno kibarua, kwa kuwa ndilo linalopotosha wengi. Asili yake ni barua. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba ameandikwa kazini, akakirudisha alipopokea mshahara wake. Jina la karatasi likamwingia mtu aliyeishika. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa manamba wa mashamba ya mkonge: mtu aliandikwa kwa namba, kisha akaitwa kwa namba hiyo. Watu wa Rungwe wayajua mambo haya vizuri. Katika miaka ya 1930 wengi walikwenda kuchimba dhahabu huko Lupa, upande wa Chunya, na wengine wakabaki katika mashamba ya huku kwetu. Mwajiri alihesabu karatasi, na mke alihesabu siku za mumewe kurudi.

Lugha haikukosea ilipompa mtu jina la karatasi, maana iliacha mlango wa kuvitenga viwili hivyo, nao mlango huo ni upatanisho. Tukisema "kibarua chake kimeota nyasi," twataka kusema kwamba kazi yake imekwisha. Tukisema "kibarua wake ameondoka," twanena juu ya mtu aliyekwenda zake. Neno ni moja, wala hakuna herufi iliyobadilika ndani yake. Ni yale yanayolifuata tu yaliyotuonyesha maana.

Wala si sisi peke yetu wenye desturi hii. Katika Kihispania liko neno policía. Wakisema la policía, yaweza kuwa jeshi zima la polisi, au askari mwanamke. Wakisema el policía, ni askari mwanamume. Wao wana taabu moja ambayo sisi hatuna, yaani kutenga mume na mke katika kazi: maestro ni mwalimu mwanamume, na maestra ni mwalimu mwanamke. Kwetu mwalimu ni mwalimu. Mhispania hutakiwa kuangalia mume na mke; Mswahili hutakiwa kuangalia mtu na kitu. Mwenye kukosa jambo hilo amekosa jambo kubwa.

Na tusijifanye kana kwamba hatukukosa kamwe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wapya katika kazi, mtoto mmoja aliandika: "Vibarua wamerudi jioni, wamechoka." Tukapiga mstari mwekundu, tukaandika juu yake: "vimerudi, vimechoka." Siku ya pili baba yake, mchuma majani ya chai, alikuja mlangoni, akavua kofia, akatuamkia "Mugonile," akasema: "Mwalimu, mtoto aniambia ya kuwa huku shuleni mimi ni kitu, kama kikapu changu. Ndivyo Kiswahili kisemavyo?" Tulimjibu kwa maneno mengi juu ya ngeli. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Jioni ile tulifungua sarufi ya Ashton, ya mwaka 1944, tukaona kwamba majina ya viumbe hai hufuata upatanisho wa mtu, ijapokuwa umbo lake ni jingine. Mtoto alikuwa ameandika sawa. Kesho yake tulilifuta kosa letu mbele ya darasa zima, na jioni tukaenda nyumbani kwa yule mzee kumwambia.

Yule mzee alisikia vema kuliko sisi tuliosoma. Maana Kiswahili chaweza kumtia mtu katika ki- na vi- kwa makusudi, na makusudi hayo mara nyingi ni dharau: "Kijitu kile kimekuja tena." Basi mwalimu asemaye "vibarua vimefika" kwa kutojua, husikika kama asemaye kwa kudharau. Masikio ya msikilizaji hayawezi kutenga ujinga na kiburi.

Iko hoja moja ambayo yafaa tuikubali. Mtu atauliza: mbona twasema mama yangu, rafiki yangu, ndugu zangu? Ni kweli, maneno ya udugu na urafiki yana desturi yake ya pekee. Lakini tazama kitenzi: mama yangu amekuja, ndugu zangu wamekuja. Utu haukupotea. Wanafunzi huieneza desturi hii mahali pasipo pake, wakaandika "karani yangu" na "kinyozi changu". Wafundishwe karani wangu, kinyozi wangu, viongozi wetu. Mtu akisema "fundi zangu wamekuja," kama wasemavyo wengi, hatutagombana naye sana. Akisema "fundi zangu zimekuja," tutamsimamisha.

Kwa walimu wenzetu wa Rungwe twatoa shauri moja. Msianze na majedwali. Anzeni na lugha ya nyumbani. Mtoto ajua kwamba mtu ni umundu, na watu ni abandu. Ajua kwamba mtawala ni malafyale, jina lisiloanza kwa um-, na kwamba wakiwa wengi ni abanyafyale, wakiingia katika aba- pamoja na watu wote. Wala hakuna aliyemfundisha hayo kwa ubao. Akiulizwa, "Huyu kibarua ni karatasi au ni mtu?" atajibu mara moja, na jibu lake litamwonyesha kitenzi. Kikaratasi kikipotea, husemwa kimepotea. Mtu aliyekishika akipotea, sharti isemwe amepotea, ili watu watoke kumtafuta.