Safu za Molekuli Ndani ya Tesla 20

Maabara ya sumaku kali ya Nijmegen, Uholanzi, watu wengi wanaikumbuka kwa chura aliyeelea hewani mwaka 1997. Kazi iliyotoka hapo mwaka 2005 haikupata picha za kuchekesha, ila kwa fundi wa elektroniki ina uzito zaidi: utando wa semikondakta ya kaboni uliopangwa kwa uga wa sumaku.

Dutu yenyewe ni heksabenzokoronini, molekuli bapa ya pete 13 zilizoungana, iliyowekewa mikia mirefu pembeni ili iyeyuke. Molekuli hizi hulaliana kama sahani kabatini, na chaji hupita kirahisi kufuata safu. Ukidondosha myeyusho na kuuacha ukauke wenyewe, kila safu inaelekea kwake, na chaji inakwama zinapokutana.

Sumaku huzipanga molekuli hizo, lakini si kwa kuzivuta. Uga huzusha ndani ya pete mkondo mdogo wa elektroni unaoupinga uga huohuo, na upinzani unakuwa mdogo kabisa pale bapa linaposimama sambamba na uga. Safu basi hulala kuukingama uga. (Chura naye aliinuliwa na upinzani wa namna hiyo, wa maji mwilini mwake.)

Tatizo ni udhaifu wa msukumo huo. Hata kwenye tesla 20, zaidi ya mara 300,000 ya uga wa Dunia, molekuli moja pekee inavurugwa na joto la chumba tu. Lazima zishikamane kwa maelfu katika vifungu ndipo misukumo yao ijumlike na kulishinda joto. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye ukaukaji. Myeyusho ukiwa mwepesi mno, hakuna vifungu vya kugeuza. Ukishakuwa mzito, vifungu vipo lakini havigeuki tena. Katikati kuna kipindi kifupi, na tone linapaswa kukipitia polepole likiwa bado ndani ya sumaku.

Watafiti walipopima transista walizotengeneza kwa utando huo, chaji ilisafiri kwa wepesi mara 25 hadi 75 zaidi kufuata safu kuliko kuzikatiza. Hapo ndipo ninaposhawishika, kuliko kwenye picha za hadubini za utando.

Kiwandani ni habari nyingine. Nguvu ya kupanga hufuata kipeo cha pili cha uga: ukishuka hadi tesla 1 unabaki na sehemu moja kati ya 400, na sumaku ya tesla 20 ya aina ile hula megawati kadhaa za umeme.