Shaba Iliyomo Ndani ya Stata

Kati ya kazi zote za gari kuukuu, ninayoivulia kofia ni kazi ya kuimarisha mfumo wa kuwashia. Rangi mpya huvuta macho, na injini iliyofumuliwa ikaundwa upya hupewa sifa barabarani, lakini gari lisilowaka alfajiri ni chuma tu kilichoegeshwa. Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi ya usiku huifanya oili kuwa nzito, betri hupungua nguvu, na Land Rover ya miaka ya 1960 hulalamika kwa sauti inayojulikana mtaa mzima: ngwe, ngwe, kisha kimya. Hapo vijana huitwa kusukuma.

Kabla ya stata, ile mota ya kuwashia injini, dereva alizungusha hendeli mbele ya gari, na hendeli ilipokataa ilirudi nyuma kwa kishindo. Wengi walivunjika mikono. Aliyeuondoa mzigo huo ni Charles Kettering, Mmarekani ambaye stata yake ya umeme iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo alikuwa ametia mota kwenye mashine za kuhesabia fedha dukani, na huko ndiko alikotambua jambo ambalo wahandisi wengi hawakuliona: mota ndogo inaweza kubeba mzigo mkubwa kupita kiasi, ilimradi iubebe kwa muda mfupi tu. Stata imejengwa juu ya wazo hilo hadi leo. Ndiyo maana fundi mzuri hukukataza kushikilia ufunguo kwa zaidi ya sekunde kumi. Anayeng'ang'ania anaikaanga.

Ifungue stata ya zamani uone ilivyojaa shaba. Amecha, sehemu ya ndani inayozunguka, imepangwa vipande vinene vya shaba, na koili zinazoizunguka ni tepe bapa za shaba hiyohiyo, kwa sababu waya mwembamba ungeyeyuka. Kwa mtu wa Lualaba, mkoa wenye Kolwezi, hilo si jambo dogo. Miongo mingi sehemu ya shaba ya Katanga iliyochimbwa na kampuni ya Union Minière ilipita kwenye reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, Angola, ikavuka bahari, na magari yakaja kutoka huko ilikokwenda. Fundi anayefuta amecha kwa kitambaa uani kwake Kolwezi ameshika madini anayoyajua tangu utotoni.

Kuna funzo jingine la umeme lililo karibu kabisa na mji. Bwawa la Nzilo, kwenye mto Lualaba, lina mitambo ya megawati 108 iliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Chini yake mtoni kuna Nseke, na tangu 1956 umeme wa huko ulivuka mpaka hadi Kitwe, katika Zambia ya leo, kwa njia ya volti 220,000. Volti zimepandishwa hivyo ili ampea ziwe chache, kwa kuwa ampea nyingi huzipasha nyaya joto, na nguvu ikapotea njiani. Gari halina nafasi hiyo. Lina volti 12 tu, kwa hiyo stata inapozungusha injini baridi hunyonya ampea 200 na zaidi kwa mara moja. Katika hali hiyo, uchafu wenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu humeza volti mbili. Mbili kati ya 12! Kutu usiyoiona kwa macho inatosha kulilaza gari.

Hapa ndipo ninapomtofautisha fundi na mnunuzi wa spea. Mnunuzi hukimbilia stata mpya na betri kubwa. Fundi hupima kwanza. Anaweka ncha moja ya mita ya volti kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye mwili wa injini, kisha anamwomba mtu apige stata. Hapo mita inatakiwa ibaki karibu na sifuri. Ikipanda hadi nusu volti, kosa liko kwenye ethi, ile njia ya kurudia ambayo mafundi wa Katanga huiita masi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi ni bolti moja iliyokazwa juu ya rangi. Anaikwangua rangi mpaka chuma king'ae, anaweka mkanda mpya wa shaba kutoka kwenye injini hadi chasisi, anakaza, halafu anapaka grisi juu ili unyevu usirudi. Kazi ya nusu saa, na gari lililokuwa likisukumwa kila asubuhi huamka lenyewe.

Waya mnene wa betri nao unahitaji jicho. Sokoni kuna waya wenye ngozi nyembamba ya shaba na moyo wa alumini, ambao huupa umeme ukinzani mara moja na nusu na zaidi ukilinganisha na shaba tupu. Kata ncha, kwangua nyuzi kwa kisu: zikiwa nyeupe ndani, mrudishie muuzaji. Kuuziwa waya wa namna hiyo katika nchi ya shaba kunaniuma.

Baada ya njia kuwa safi, ndipo kuna haki ya kuongeza kitu. Rilei karibu na betri, yenye fyuzi yake, huipunguzia swichi kuukuu ya ufunguo mzigo wa solenoidi, ile swichi ya sumaku inayoipa stata umeme. Wapo pia wanaofunga stata ya kisasa yenye gia ndani: mota ndogo inayokimbia sana, gia zikiigeuza kasi kuwa nguvu. Ni nyepesi, na hunyonya ampea chache. Naipenda, ila ina mtego ambao umewapata wengi. Land Rover za Series II za mwanzo zilifungwa ethi upande chanya. Stata yao ya asili, yenye koili kwenye amecha na kuizunguka pia, huzunguka upande uleule hata ukigeuza betri. Stata nyingi za gia hutumia sumaku za kudumu, na hizo ukizigeuzia umeme huzunguka kinyumenyume. Basi gari ligeuzwe kwanza: betri, nyaya za koili ya cheche, na dainamo iguswe kidogo kwa umeme wa betri ili sumaku yake ikubali mwelekeo mpya.

Lakini ukiniuliza mimi, stata ya asili ipewe nafasi kwanza. Ukiikalisha mezani, uisugue komuteta, ile ncha ya amecha inayoguswa na burashi, kwa msasa laini huku ukiizungusha polepole, weusi huondoka na wekundu wa shaba hujitokeza. Kati ya vipande kuna mika, na fundi huisafisha tu bila kuichimba, kwa kuwa kwenye stata za namna hii mika haishushwi. Kisha bushi mpya, burashi mpya, na tone la oili. Hakuna duka linalouza uvumilivu huo.

Kwa hiyo, wewe mwenye gari la zamani, hakikisha gia iko huru, pima kabla ya kununua, na toa waya wa ethi kwenye betri kabla ya kufungua chochote. Na hata ukifunga stata mpya, ile kuukuu usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu anayeitaka kwa kilo za shaba. Mpe kijana anayejifunza kazi, pamoja na mita na kipande cha msasa, umwambie aifungue.