Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam: kanisa la nani hasa?

Ukiwa Kivukoni huhitaji kuuliza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko wapi. Mnara wake unaitazama bandari. Maelezo ya watalii hukupa sentensi mbili tu: lilijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, mtindo wa Kigothi. Basi, yameisha. Mimi nasema huo ni usomaji mbovu.

Ni kweli waliolijenga ni Wabenediktini wa Kijerumani, na walijua kazi yao. Matao yaliyochongoka yanalivuta jicho juu. Vioo vya rangi vilivyo nyuma ya altare, vilivyoletwa kutoka Ujerumani, vinalipoza jua la pwani likawa mwanga mpole. Uzuri upo, sibishi. Ila ni uzuri uliokuja na meli.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani hawakuwa na nafasi tena, na mwaka 1921 wakafika Wakapuchini kutoka Uswisi. Hawa ni tawi la Wafransisko: kanzu ya kahawia, kamba kiunoni, nadhiri ya ufukara. Watu wa ufukara wakarithi jumba! Wala si ajabu mpya. Fransisko alifariki 1226, na mwaka 1228 tu, kwao Asizi, ikaanza kujengwa basilika kubwa ya kuuhifadhi mwili wake. Lakini kuta za Asizi zina kitu cha kuzitetea: michoro 28 inayosimulia maisha ya Fransisko, tukio baada ya tukio, hata asiyejua kusoma akaelewa. Dar es Salaam, Wafransisko waliingia nyumba ambayo wengine walishaisimulia.

Kwa hiyo historia yao usiitafute kwenye vioo. Tazama kiti. Kanisa kuu huitwa kuu kwa sababu ya kiti cha askofu, si kwa urefu wa mnara. Edgar Maranta, Mkapuchini wa Uswisi, alikikalia hadi 1968. Desemba ya mwaka huohuo akateuliwa Laurean Rugambwa, mtu wetu wa Kagera, aliyekuwa kardinali tangu 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho. Alikaa hadi 1992, akamwachia Polycarp Pengo. Mwaka 2019 kiti kikarudi kwa Mkapuchini, Jude Thaddaeus Ruwa'ichi. Safari hii Mkapuchini ni Mtanzania. Hadithi hii nzima, kwangu, inazidi tao lolote la pale, na maelezo ya watalii hayaigusi.

Kwa nini nayaandika haya nikiwa Nyakakika? Kwa sababu huku nako tunajenga, na kila kamati ikikaa hakosekani mtu wa kusema kanisa bila madirisha yaliyochongoka si kanisa. Jamani! Anaiga tao, mwanga anausahau. Kama ni kuiga, tuige Asizi: ukuta umsimulie mtu wa pale, kwa sura ambazo bibi aliyekaa benchi la nyuma atazitambua. Rugambwa mwenyewe amelala Bukoba, ndani ya kanisa kuu, tangu 2012. Mchoraji akitaka pa kuanzia, hatalazimika kupanda meli.