Kristo wa Murang'a na Ukuta Wetu Mtupu

Wengi wetu hapa Katandala tumekua tukimjua Yesu wa kalenda, mwenye nywele za rangi ya mahindi na macho ya buluu. Hatukuuliza alitoka wapi. Lakini tulipoanza kuzungumzia kuchora ukuta ulio nyuma ya madhabahu, tuliwaonyesha washarika nakala za michoro ya Elimo Njau. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mchungaji, huku si kumsingizia Bwana? Yeye alikuwa Myahudi." Swali hilo linastahili jibu.

Njau alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za Kanisa Kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, nchini Kenya. Alichora michoro mitano: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni nchi ya Wakikuyu. Mwaka 1965 Njau alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya wasanii. Moto uliiunguza mwaka 1997, naye akaendelea na kazi. Alifundisha kwamba kuiga kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi.

Mzee wetu amesema kweli: Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, na hakuna brashi inayoweza kulifuta jambo hilo. Lakini twendeni Wittenberg, kwenye kanisa ambamo Luther mwenyewe alihubiri. Picha ya madhabahu iliyowekwa pale mwaka 1547, kazi ya Lucas Cranach, inaonyesha Karamu ya Bwana, na miongoni mwa mitume ameketi Martin Luther akipokea kikombe. Wajerumani hawakudhani kwamba Luther alikuwepo Yerusalemu. Walikuwa wanakiri kwamba meza ile imewafikia. Njau naye anakiri vivyo hivyo.

Hata hivyo, tusimsifu kwa rangi ya ngozi tu. Tukiishia hapo, tutakuwa tumebadilisha kalenda moja kwa nyingine. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Wakikuyu wengine wengi walikufa msituni na katika kambi za serikali ya kikoloni, na kanisa lile halikujengwa kwa ajili yao. Hapa kuna jambo gumu: je, unaweza kuwakumbuka wafu wa upande mmoja bila kumfanya jirani kuwa Yuda?

Kwa maoni yetu, nguvu ya michoro ile iko hapo. Kristo wa Njau anafanana na aliyeuawa, na anafanana pia na aliyeua. Hakuna anayeweza kusimama mbele yake na kusema, "Huyu ni wetu, si wao." Angechora Kristo mgeni, kila upande ungebaki na hasira yake. Tumeiona kwenye nakala tu, hatujasimama mbele ya kuta zenyewe. Lakini hata hivyo michoro ile imetuhoji.

Maana sisi huku Ufipa tunafahamu majirani kugawanyika. Kuna nyumba zisizosalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kuna wazee walionyoshewa kidole kuwa ni wachawi, na bado Jumapili tunapokea mkate na divai benchi moja.

Basi tusiharakishe kumtafuta fundi wa rangi. Kwanza tujiulize ni nani tungependa asichorwe kwenye meza ile. Tukishamtaja moyoni, twende tukamsalimie. Ukuta unaweza kusubiri mpaka tutakaporudi.