Katuni zetu zinasonga, lakini je, zina uhai?

Wanaistilahi wametupa neno ‘uhuishaji’ kwa ile sanaa ya kuifanya michoro isonge. Mimi nalipenda. Limetokana na kitenzi ‘huisha’, yaani kutia uhai, na linaoana barabara na lile la Kizungu, ambalo mzizi wake wa Kilatini ni pumzi au roho. Shida ni kwamba ukilitamka Kayole au Umoja, vijana watakukodolea macho. Huko ni katuni, basi.

Hata hivyo, istilahi hii inampa mhakiki kigezo ambacho ‘katuni’ haimpi. Kusonga ni jambo moja, kuwa hai ni jingine.

Chukua Wageuzi, filamu fupi ya Andrew Kaggia ya mwaka 2011, nchi ilipokuwa ikiusubiri uchaguzi mkuu. Wanasiasa wetu wanageuka kuwa magari ya roboti na kumenyana mbio za urais. Atakayesema kwamba michoro imeiga Transformers ya Marekani hatakuwa amekosea. Lakini tazama jina. Chunguza hutupa mchunguzi; geuza, mgeuzi. Papo hapo Mkenya anasikia ‘kigeugeu’, na anamkumbuka mheshimiwa aliyehama vyama vitatu kabla ya kuapishwa. Utani wote umo katika mzizi wa neno. Kiingereza kisingeupata hata kingekesha.

Jirani yetu Raymond Malinga wa Kampala alifanya jambo la aina hiyo mwaka 2017 katika A Kalabanda Ate My Homework. Kalabanda ni zimwi ambalo wanafunzi wa Uganda wamesimuliana kwa miaka mingi. Malinga hakulibuni, alilikuta mabwenini. Wahusika wake wanazungumza Kiingereza, naam, lakini ni Kiingereza cha Kampala, chenye mapigo ya kwao.

Sasa tuje nyumbani. Tinga Tinga Tales ilichorwa hapa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, vipindi 52 vya dakika kama 11 hivi, kwa mtindo wa rangi tulioachiwa na Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Kwa macho, ni karamu. Ngano ni zetu: kwa nini mnyama huyu yuko hivi, kwa nini yule yuko vile. Lakini sauti ilitungwa kwa ajili ya sebule ya mbali. Hakuna paukwa na pakawa, hakuna hadhira inayomkatiza fanani. Ngano imekaa kimya kama mgeni asiyejua wenyeji wanakula saa ngapi.

Niliwahi kuvitazama vipindi viwili pamoja na watoto katika ukumbi mmoja wa Eastlands, upande wa Jericho. Filamu ilipokwisha, kijana wa miaka kumi hivi alisimama kuwasimulia waliochelewa. Lo! Sungura akawa makanga wa matatu. Ndovu akawa landilodi anayebisha kila tarehe tano. Yote kwa Sheng, na wenzake wakidakia, “Kisha?” na “Manze, wacha!” Huyo ndiye fanani, na hiyo ndiyo hadhira. Kisha mtu mzima mmoja akamwamuru aongee Kiswahili sanifu. Kijana akajaribu sentensi mbili, akaketi.

Nimefundisha Kiswahili sanifu zaidi ya miaka thelathini na sina mpango wa kukitelekeza. Mtihani ni mtihani. Lakini anayedhani kwamba sanifu ndiyo lugha ya kila mhusika hajasoma riwaya wala tamthilia. Makanga anayesema “tafadhali abiria, sogeeni” si makanga. Ni tangazo la redio.

Ati fedha za ufadhili hutaka Kiingereza? Ni kweli, na sidharau tumbo la msanii. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2014, ilichagua Kiswahili mapema na haikufa njaa, ingawa kwa ladha yangu inafundisha mno na kusimulia kidogo. Tatizo kubwa zaidi ni la kiufundi. Katika uhuishaji, sauti aghalabu hurekodiwa kwanza, halafu mdomo huchorwa ukifuata silabi. Ukianza na Kiingereza na kutafsiri baadaye, utapata mdomo unaofumba pale ambapo irabu ya Kiswahili inataka uwe wazi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mtoto huliona kosa hilo hata kama hawezi kulieleza.

Studio yoyote ya mtaani, hata ya watu watatu na kompyuta ya mitumba, inaweza kugeuza utaratibu huo. Imrekodi kwanza kijana wa aina ile, pamoja na landilodi wake wa tarehe tano na wenzake wanaodakia, kisha ndipo penseli ishikwe.